Barua kwa Baba, kuhusu vidole viwili

Brussels, Jumapili usiku

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama, kwa yaya, mkubwa wangu, na kwa watoto wote wa mtaa wetu wa Katuba, Lubumbashi. Mimi ni mzima, na karo ya mdogo wangu nitaituma mwisho wa mwezi kama nilivyoahidi. Hayo yakiisha, niruhusu nikusimulie jambo la jana ambalo, pale nyumbani, nadhani ni wewe tu utakayelielewa.

Nilikwenda kwenye tamasha la gitaa la klasiki, ndani ya kanisa kuukuu, ambako hapakuwa na spika wala maikrofoni. Magitaa hayo yana nyuzi za nailoni, si za chuma kama za lako, na sauti yake ni ndogo hivi kwamba mtu akikohoa, noti tatu zinapotea. Kwa ukimya ule Mama angedhani tuko matangani, ingawa matanga ya kwetu yana kelele zaidi.

Kwanza zilipigwa kazi za zamani, mojawapo ya Francisco Tárrega, Mhispania aliyefariki mwaka 1909. Ndani yake kidole gumba hutembeza besi polepole, huku kidole cha pete, cha kati na cha shahada vikigonga uzi mmoja kwa zamu, upesi mno, hata sikio likadhani linasikia sauti moja ndefu isiyokatika. Nilitazama mkono wa yule mwanamke aliyekuwa akipiga mpaka nikasahau kusikiliza.

Kisha zikaja tungo tatu mpya, ambazo hazijawahi kupigwa mbele ya watu, na watunzi wenyewe wamekaa safu ya mbele. Ya kwanza ilitungwa na mpiga piano, na ilisikika hivyo: vidole vya kushoto vilitanuliwa mpaka nikamhurumia mpigaji. Kutojua kupiga gitaa si udhuru, maana Joaquín Rodrigo naye alikuwa mpiga piano, tena kipofu tangu utotoni, lakini tungo yake ya gitaa na okestra, iliyosikika mara ya kwanza Barcelona mwaka 1940, inajulikana kwa kila mpiga gitaa. Ya pili ilikuwa ya kukwaruza nyuzi na kugonga mbao, sitaisemea.

Ya tatu, Baba, ilipigwa kwa kidole gumba na cha shahada peke yake. Gumba lilishika besi, shahada ikaimba juu yake, sauti mbili zikijibizana bila mmoja kumngoja mwenzake. Jirani yangu alinong'ona kwamba huo ni ufundi mpya. Mpya! Mpiga gitaa wetu Mwenda wa Bayeke, mzaliwa wa Bunkeya, alikuwa akipiga kwa vidole hivyohivyo Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alipomrekodi kule Jadotville, yaani Likasi yetu, mwaka 1952, nawe umepiga hivyo kwenye kile kibao nyuma ya nyumba tangu nipate akili.

Baada ya onyesho nilimfuata mtunzi, naye hakuficha kitu: alijifunza kwa kusikiliza rekodi za zamani za kwetu Katanga, akaziandika noti kwa noti, lakini bado hajui gumba huzima uzi wakati gani, kwa kuwa jambo hilo masikio peke yake hayalioni. Aliniuliza kama bado yupo anayepiga hivyo. Nikamjibu kwamba yupo baba yangu.

Kwa hiyo naomba yaya akurekodi kwa simu, akiielekeza karibu na mkono wako wa kuume. Utaje kwanza namna unavyofunga kila uzi, upige polepole, halafu upige kama kawaida yako, na tafadhali usichague wimbo wa kanisani kwa kuwa tu wageni watasikiliza. Mama akikuita kula bukari katikati ya wimbo, simu isizimwe.

Mwanao akupendaye