Kabla hujamnunulia mjukuu ditekta

Mhariri,

Lile tangazo dogo lililotoka gazetini kwako Jumamosi mbili mfululizo, la "kipimo cha mali ya Mjerumani, kinaona mita 30 chini ya ardhi", yaani hazina inayosemekana Wajerumani waliizika, limeniletea wageni. Tangu mjukuu wangu aanze kuonekana hapa Isevya, Tabora, na ditekta begani, mashine ya kutafutia vyuma ardhini, kila mzazi ambaye mtoto wake anailia mashine kama hiyo anakuja barazani kwangu: mzee, ninunue ipi, ya bei ya chini? Juzi alikuja baba mmoja na laki sita mfukoni, pesa ya tumbaku, anataka tumpigie simu huyo wa mita 30. Nimeona niwajibu wote kwa mpigo, pamoja na wewe uliyelichapa.

Nimefanya kazi ya nyaya na ishara za reli miaka 31, kwa hiyo koili si kitu kigeni kwangu. Ndani ya ile sahani ya chini ya ditekta mna koili mbili. Moja hupeleka ardhini nguvu ya sumaku inayobadilika-badilika. Chuma, shaba au fedha iliyolala humo hujibu kwa mkondo mdogo wa umeme, na koili ya pili hulisikia jibu. Nguvu hiyo hufifia haraka mno kadiri kitu kilivyo mbali. Ndiyo maana sarafu kama ya shilingi mia mbili, kwa mashine ya bei nafuu, utaipata kwenye kina cha kiganja, au shubiri ukiwa na bahati. Debe zima litasikika chini zaidi. Lakini mita 30, hakuna. Na zile mashine zenye antena zinazocheza mkononi, zinazouzwa kwa ahadi kama hizo, ndani ni tupu. Mwaka 2013 mahakama ya Uingereza ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuuza vifaa vya antena vya namna hiyo kama vipimo vya mabomu, na wateja wake wakubwa walikuwa Irak. Alianzia kwenye kitu cha kutafutia mipira ya gofu iliyopotea majanini. Yule baba wa tumbaku nilipomsimulia alinyamaza, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake na laki sita yake.

Mimi mwenyewe nimeliwa, ila kidogo. Nilikwenda Dar kliniki ya macho, nikapita dukani nikaona ditekta ya watoto, ya kijani na njano, boksi lina picha ya sanduku la maharamia. Shilingi 85,000. Ilikuwa na kitufe kimoja na mlio mmoja: msumari, kizibo cha bia, karatasi ya ndani ya sigara, vyote inalia piii. Kipini chake kilikuwa plastiki tupu, sahani inaning'inia kama mguu wa kuku aliyevunjika. Kwa siku tatu mjukuu alichimba mashimo 40 na zaidi kwenye shamba letu la miembe, akaleta misumari na vipande vya senyenge. Siku ya nne akaiegesha nyuma ya mlango akarudia mpira wake. Alikuwa na miaka 12, na mimi nikajiona mjinga.

Ya pili ilikuwa Garrett ACE 250, mtumba, nilitafutiwa na mpwa wangu kwa laki tatu na nusu. Kampuni ya Texas hiyo, na mashine yenyewe haitengenezwi tena, warithi wake ni ACE 300 na ndugu zake, lakini mtumba wake bado unazunguka. Ina uzito wa kilo moja na robo hivi, na kipini chake cha bomba hufupishwa kwa vitundu, mtoto akaishika bila kupinda mgongo. Inatumia betri nne ndogo, zile za saa ya ukutani, ambazo ziko kila duka. Msiidharau hii. Mashine nyingi mpya ni za kuchaji, na kwetu umeme ukikatika Jumamosi asubuhi, safari imekufa.

Kinachoitofautisha na ile ya maharamia ni akili. Ina milio mitatu: mzito kwa chuma, wa kati, na wa kengele kwa shaba na fedha. Unaweza kuiambia inyamaze kwa misumari. Halafu kuna kitufe cha kuonyesha kitu kilipo hasa chini ya sahani, ili mtoto achimbe shimo la ukubwa wa kikombe, si handaki. Mzazi, ukikuta mashine haina vitu hivi viwili, kuchagua aina ya chuma na kuonyesha mahali, irudishe kwenye rafu hata kama ni elfu hamsini. Usidhani pia kwamba akili hiyo haikosei. Kizibo cha bia kilichopondeka huidanganya vizuri sana. Sarafu yetu ya mia tano, ambayo ndani ni chuma na sumaku huishika, huibabaisha: mara inaita msumari, mara inapiga kengele. Wale panya wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, wanaonusa mabomu ya ardhini, hupita juu ya misumari bila habari kwa sababu wanafuata harufu ya baruti. Mashine yetu haina pua.

Ukienda kununua, hasa mtumba, chukua mfukoni sarafu, msumari, kizibo na pete ya mama watoto. Muombe muuzaji mtoke nje, uvipitishe kimoja kimoja mbele ya sahani. Nje, nasisitiza. Mjukuu alipoipokea ile ACE aliiwasha chumbani, ikapiga kelele bila kukoma, akaja analia kwamba babu kauziwa mbovu tena. Alikuwa amesimama kando ya kitanda changu cha chuma. Nikamsimulia habari ya Alexander Graham Bell, huyu wa simu, ambaye mwaka 1881 alipeleka chombo chake Ikulu ya Marekani kuitafuta risasi mwilini mwa Rais Garfield. Hakuipata, na lawama moja iliangukia springi za chuma za godoro alilolalia mgonjwa. Mtoto akafuta machozi, tukatoka nje, ikatulia.

Wenzangu wa Kigoma na wa pwani, hesabu zenu ni tofauti kidogo. Sahani ya ACE inaweza kuzama majini, lakini kisanduku cha vitufe kikiloa, umeaga pesa. Kama mtoto atachezea ufukweni mwa Tanganyika, ongezeni pesa mchukue Simplex ya Nokta, Waturuki hao, maana yote inaingia majini, ingawa ni ya kuchaji. Na wa Tanga na Bagamoyo jueni kwamba mchanga uliolowa maji ya chumvi huiliza mashine ya masafa moja, yaani ambayo sumaku yake hubadilika kwa kasi moja tu, hata pasipo na kitu. Mtoto abaki kwenye mchanga mkavu, au mtafute Minelab Vanquish 340 inayotumia masafa kadhaa kwa wakati mmoja.

Dhahabu je? Vijana wa Nzega wananiuliza sana. Punje ndogo kwenye udongo wenye chuma zinataka mashine nyingine kabisa, ya bei ya pikipiki na zaidi. Anayekuuzia ya laki tatu kwa ajili ya machimbo anakuuzia kelele.

Sasa hiyo mali ya Mjerumani. Sisi Tabora tumelala na ndoto hiyo tangu utoto, na ina chanzo. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewafungia njia ya baharini, Wajerumani waligonga sarafu hapahapa Tabora, na ya thamani kubwa ilikuwa ya dhahabu, rupia 15, yenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya Sekenke kule Iramba. Zilikuwa 16,000 na ushei tu. Mwezi wa tisa mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji, na tangu hapo kila mwembe una mtu anayeapa kwamba chini yake pamezikwa sanduku. Nimeona mashimo ya urefu wa mtu. Sanduku sijaliona.

Mjukuu wangu alichopata, kwenye wiki ya tatu, shambani kwetu, kina cha vidole vinne, ni heller moja ya shaba ya mwaka 1910, yenye taji upande mmoja. Haina bei kubwa. Nilimwambia kwamba hela anayoniomba kila Ijumaa jina lake limetoka kwenye kisarafu hicho. Alikitazama muda mrefu, akaniuliza kama mia moja zilifanya rupia. Ndiyo, tangu 1904. Kabla ya hapo rupia moja ilikuwa sarafu 64 zilizoitwa pesa. Akachukua daftari la hesabu, bila kutumwa.

Msiwaruhusu watoto kupeleka mashine karibu na Boma, ile ngome ya Mjerumani, wala tembe la Livingstone kule Kwihara. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haitanii na wachimbaji wasio na kibali. Shamba la mtu ni hodi kwanza. Na kwa kuwa hapa palipiganwa vita, kikitoka kitu chenye umbo la risasi kubwa au bomu, mtoto asikiguse, aondoke taratibu, polisi waitwe.

Kwako Mhariri nina ombi moja: yule wa mita 30 akirudi na tangazo lake, mwambie kwanza aje Isevya. Nitafukia sufuria kwa kina cha mita moja tu, mahali nijuapo mimi, aitafute mbele ya watu. Chai nitagharimia mimi.

Mjukuu naye ameanza kudai sahani kubwa zaidi. Nimemwambia tusubiri matokeo ya muhula.

Mstaafu wa reli,
Isevya, Tabora