Ndimu yaua vijidudu, basi chumvi na jua kwenye achari ni vya nini?

Wateja wengi wanaofika dukani kwetu hapa Langoni, Lamu, huishika chupa ya achari na kuuliza: ikiwa ndimu yenyewe ni dawa ya vijidudu, mbona mnahangaika kuchemsha chupa, kutia chumvi nyingi na kuanika juani? Tunalipenda swali hili, kwa sababu nusu yake ni kweli kabisa.

Maji ya ndimu ni makali, pH yake (kipimo cha uchachu; ikiwa ndogo, uchachu ni mkali) ni kama 2, na bakteria wengi hawawezi kuishi humo. Wa kipindupindu ni wanyonge sana mbele ya asidi. Mlipuko wa kipindupindu ulipotokea Gine-Bisau, Afrika Magharibi, mwaka 1996, watafiti waligundua kuwa waliotia ndimu kwenye mchuzi wa wali waliugua kwa uchache kuliko wasiotia. Maganda nayo yana mafuta yenye limonini na sitrali, ambayo hutoboa utando wa bakteria. Lakini E. koli, bakteria wa matumboni, na wenzake wana utando wa pili kwa nje, na hao huwa wabishi.

Sasa achari. Chakula kikiwa na pH chini ya 4.6, bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu ya chakula unaoweza kuua, hawaoti wala hawatoi sumu yao, na hapo ndimu imetufaa sana. Shida ni ukungu na hamira za porini: hao uchachu hauwasumbui. Ndiyo maana tunatia chumvi, tunapunguza maji kwa jua, tunafunika kwa mafuta. Kijiko chenye maji kinaiharibu kazi yote hiyo, kwani maji huzimua chumvi na asidi pale yalipoangukia, na ukungu huanzia hapo hapo. Tafadhali, tumia kijiko kikavu.

Kuna jambo linalotutia wasiwasi zaidi kuliko achari. Wapo wanaokamulia ndimu samaki mbichi, nyama ikigeuka nyeupe wakadhani ameiva. Rangi imebadilika tu. Minyoo na baadhi ya bakteria bado wamo. Na jodari aliyeshinda juani bila barafu, bakteria huwa wameshatengeneza ndani yake histamini, kemikali inayomdhuru mlaji, ambayo haiondolewi na ndimu wala na moto. Huyo usimnunue, hata kwa bei ya kutupa. Maji ya kunywa pia yachemsheni au yatieni klorini, msitegemee matone ya ndimu.

Wanaopaka ndimu mwilini ili kutoa vijidudu au harufu wasiende juani bila kuosha vizuri. Ndimu ikikutana na jua huunguza ngozi hadi malengelenge, na watoto huumia zaidi.

Ukiona ukungu kwenye chupa yetu usiukwangue ukaendelea kula. Ilete dukani, tutakupa nyingine.