Mwanangu, tarekhe ya skuli anza na majina ya watoto

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Huku Wete hatujambo sote, vuli imeanza kunyesha. Nimepata khabari kwamba wewe na wenzako mmekabidhiwa kazi ya kuandika tarekhe, yaani historia, ya skuli yenu, na kwamba rasimu inafungua na picha za walimu wakuu. Wekeni kando. Skuli kongwe ya Unguja huielewi kwa walimu wakuu wake. Utaielewa ukijua watoto waliosoma humo walitoka wapi, nyumbani walisema lugha gani, na ada yao ilitoka mfuko gani.

Tazama Kiungani, skuli ya misheni hapo Unguja. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Steere wa misheni ya Kianglikana walishuka Unguja, na Seyyid Majid, Sultani wa Zanzibar, akawapa wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Skuli ilianza na hao watano. Waliofuata walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine wa bara, kila mtoto na lugha yake, na kilichowakutanisha ni Kiswahili cha mjini. Mwaka 1871 misheni ikanunua shamba Mbweni, ikajengwa skuli ya wasichana, na tangu 1877 Caroline Thackeray akaiongoza kwa miaka mingi. Magofu yake yako pale pale mpaka leo. Sasa angalia majina: John Swedi, mmoja wa wale watano, akawa shemasi mwaka 1879, na Cecil Majaliwa akawa padri mwaka 1890. Jina la ubatizo liko mbele, jina la Kiafrika nyuma. Mwandishi akinukuu "John" na "Cecil" peke yake, msomaji atadhani ni Wazungu, na skuli nzima itakuwa imepotea kwa neno moja.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni daftari la kuandikisha wanafunzi. Nakili kila mstari kama ulivyo, pamoja na makosa yake, kisha weka safu ya pembeni kwa masahihisho yako. Usisahihishe juu ya maandishi ya asili. Jina moja litakujia kwa sura tatu, kwa sababu Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu mara nyingi kilitumia herufi ya "b" mahali pa "p", basi Pandu huyo huyo anaweza kusomeka Bandu. Karani aliyezoea Kiingereza naye aliandika kwa sikio lake. Linganisha jina la baba, mtaa na tarehe ya kuingia. Vitu viwili kati ya hivyo vikilingana, chunguza zaidi. Vitatu vikilingana, mhesabu kuwa mtu mmoja.

Safu ya kabila iogope. Watu hawakujiita kwa jina moja maisha yao yote. Kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931 idadi ya waliojiita Waswahili Visiwani ilianguka vibaya sana, na hawakufa wala hawakuhama: wengi walijiandikisha kwa jina jengine. Ukichora jedwali la "Waarabu wangapi, Washirazi wangapi" kwa miaka 30 bila ya kusema hilo, umechora siasa ya makarani. Mtaa unasema kweli zaidi. Mtoto wa Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, na mtoto wa Shangani, ndani yake, hawakufika skuli kwa njia moja.

Tarehe nazo zina mitego. Barua za wazee zina tarehe za Hijria. Kwa makisio, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ongeza 622: 1330 inakupa 1912. Makisio hayo yanaweza kukosea mwaka mmoja, kwa hiyo kama barua ina mwezi na siku, tafuta jedwali kamili. Saa pia: kumbukumbu ikisema darasa lilianza "saa 1", hakikisha ni saa ya Kiswahili au ya Kizungu kabla ya kuandika kwamba watoto walisoma usiku wa manane.

Ukikuta mahudhurio yameporomoka, usikimbilie kuandika kwamba wazazi waliikataa skuli. Tazama kwanza kama ni msimu wa karafuu, hasa kwa skuli za Pemba, maana watoto walikuwa mikarafuuni. Lakini kukataa nako kulikuwepo, na uandike bila ya haya. Skuli za serikali za mashamba zilikaa miaka mingi na madawati matupu, kwa kuwa mzazi hakuona sababu ya kumtoa mtoto chuo cha Qurani kwa maalim ampeleke mahali pasiposomeshwa Qurani. Zilianza kujaa pale Qurani na dini zilipoingizwa katika ratiba. Hiyo ni sura nzima ya kitabu chenu, na mimi ningeipa kurasa nyingi kuliko ufunguzi wa jengo lolote.

Jengo lenyewe lipimeni kwa futikamba. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zinakaa juu ya boriti za mikoko, ambazo hazivuki zaidi ya mita 3 hivi. Darasa jembamba la upana huo laelekea lilikuwa chumba cha nyumba ya mtu kabla ya kuwa darasa. Chumba kipana kinahitaji mihimili ya chuma au ya mbao kubwa, na hapo uliza kama kilijengwa kwa kusudi la kusomeshea. Mkikuta kuta zinamenyeka chini, aghlabu ni saruji iliyopakwa juu ya chokaa: unyevu unakosa pa kutokea, plasta inabanduka pamoja na jiwe. Msiruhusu lipakwe tena kabla ya kupiga picha, kwani maandishi na alama za zamani huwa chini ya rangi.

Skuli itafuteni kwa majina yote iliyopata kuitwa. Lumumba ilikuwa King George VI, Tumekuja ilikuwa Saint Joseph's Convent. Kabla ya Mapinduzi jamii nyingi zilikuwa na skuli zao, Waismailia, Wahindu, Wangazija, Wagoa (watu wa asili ya Goa, India) kwa masista wa Kikatoliki, nyengine zikipata ruzuku ya serikali. Baada ya 12 Januari 1964 serikali ikazichukua, na 23 Septemba mwaka huo Mzee Karume akatangaza elimu bure. Kwa hiyo jalada moja katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani, litakuwa chini ya jina la zamani na la pili chini ya jipya. Ombeni yote mawili, na pitieni Gazeti la Serikali pia, lililoanza 1892.

Wazee waulizeni mambo ya kushikika. "Skuli ilikuwaje?" itakuletea sifa tupu. Uliza alikaa dawati moja na nani, nani alikuwa haruhusiwi kuingia, alivaa nini, wimbo gani uliimbwa asubuhi. Miaka iwekeeni vigingi: kifo cha Sultan Khalifa Oktoba 1960, machafuko ya Juni 1961, uhuru wa Desemba 1963, Mapinduzi. "Kabla au baada ya Khalifa kufa?" ni swali ambalo mzee hulijibu papo hapo.

Karatasi zilizoshikana kwa unyevu zianikeni kivulini penye upepo, si juani, na msizibandue kwa kisu. Selotepu haramu: gundi yake hugeuka manjano na kula wino. Piga picha kila ukurasa, na jina la faili liwe na tarehe na nambari ya ukurasa, kisha nakala moja ipelekeni Kilimani.

Nitumie kurasa kumi za mwanzo za majina kabla ya Ramadhani, ambazo hujazisahihisha. Nitazisoma na wazee wa huku, kwani watoto wengi wa Pemba walisomea Unguja na wanaweza kumtambua mtu kwa jina la babu yake.

Wasalamu,
Babako