Sebule ipungue, bafu lisipungue

Mwenzangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa mzee, mumeo. Barua yenu ya kuniuliza mchague fleti ipi huko kwenye makazi ya wazee imefika salama, na michoro yote mitatu ya fleti. Nimeitandaza mezani, nikatafuta rula, na jana mchana kutwa nilikuwa nikibishana na hizo karatasi peke yangu.

Najua huna subira ya kusoma hadi mwisho ndipo upate jibu, basi nalitanguliza. Iacheni ile ya vyumba viwili vya kulala. Chukueni ya chumba kimoja, tena ile ya kona, siyo ile ya karibu na lifti ambayo mtembezaji wenu aliisifu sana.

Unasema chumba cha pili ni cha wajukuu. Haya, wajukuu hao hulala kwenu siku ngapi kwa mwaka? Chumba kikikaa kitupu bado mtakilipia kila mwezi na kukifuta vumbi, na nakujua, hakitakaa kitupu: kitajaa maboksi mpaka mjukuu mwenyewe akija akose pa kulala. Makazi mengi ya wazee wanaojitegemea yana chumba cha wageni ambacho mkazi hukikodi kwa siku. Uliza kama huko kipo na kama kinahitaji kuwekwa nafasi mapema. Watoto wadogo nao wakitandikiwa godoro sebuleni huona ni sikukuu.

Lakini ungeniambia chumba hicho ni cha mzee, kwamba kukoroma kwake hukukosesha usingizi, au mmoja wenu huamka usiku kucha, ningefunga mdomo. Hiyo ni sababu ya haki. Hata waliooana miaka mingi huhitaji mlango wa kufunga kati yao mara mojamoja. Hilo zungumzeni nyinyi wawili, bila watoto, na bila mimi.

Wewe hofu yako ni sebule ndogo. Mimi sioni tatizo. Tangu nihame, sebule yangu naitumia kusoma na kupokea mgeni mmoja au wawili; yaliyobaki nayafanyia nje, kwenye maktaba, ukumbini, bustanini. Hivyo vyote vimo ndani ya ada ya kila mwezi, basi kwa nini mlipie na sebule ya kukalia watu kumi? Sebule ipungue. Kisichofaa kupungua ni bafu, na nafasi ya kuzunguka kitanda.

Hapo ndipo ile fleti ya karibu na lifti iliponiudhi. Nimepima mlango wa bafu kwa kipimo cha mchoro, haufiki sentimita 70. Kiti cha magurudumu kinataka uwazi wa sentimita 80 au zaidi kidogo ili kipite, na ndani kinataka duara la sentimita 150 hivi ili kigeuke. Usinune, sisemi mzee atakaa kwenye kiti hicho. Ila mtu akifanyiwa upasuaji wa goti au nyonga tu, atatembelea fremu ya kujishikilia kwa muda, na fremu nayo ina upana wake. Fleti tunaichagua tukiwa na miguu ya leo, tukaiishi na miguu ya baadaye.

Kuna jingine kwenye bafu hilo: mlango unafungukia ndani. Mtu akianguka nyuma ya mlango wa namna hiyo, mwili wake unauzuia, na anayekuja kumsaidia anabaki nje akisukuma. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba kati ya asilimia 28 na 35 ya watu wa miaka 65 na zaidi huanguka kila mwaka, kwa hiyo sikutishi kwa hadithi za vibarazani. Ile ya kona ina mlango wa kuteleza, na pa kuogea hapana kizingiti cha kuruka. Nenda ukahakikishe vishikio vimefungwa kwenye ukuta imara. Kile chuma cha kutundikia taulo si kishikio, hakikuwekwa kubeba uzito wa mtu anayeteleza.

Kitandani acheni angalau sentimita 90 upande wa yule anayeamka usiku. Kama nafasi haitoshi, kitanda ndicho kibadilike, hata kama ni kile kikubwa cha tangu harusi.

Kuhusu mwanga: macho yakifika miaka 60, mwanga unaofika nyuma ya jicho ni kama theluthi ya ule alioupata mtu akiwa na miaka 20. Kona ina madirisha pande mbili. Ile ya lifti ina dirisha moja linalotazamana na ukuta, na juu ya hilo mtasikia milango ya lifti na maongezi ya wapitao. Ni kweli kona iko mbali na ukumbi wa chakula. Utembeeni huo mwendo kwa miguu, taratibu, mkiangalia kama njiani pana kiti cha kupumzikia na fito ya kushika ukutani. Kama mmoja wenu atafika anahema, niambieni, hapo nitabadili mawazo.

Fanicha sina mengi. Pimeni kila mnachotaka kwenda nacho, kisha bandikeni tepu kwenye sakafu ya nyumba mliyomo, mchore ukubwa wa sebule mpya, mpange ndani yake. Makochi yote hayataingia. Na usiwawekee watoto vitu bila kuwauliza. Wengi wao hawavitaki, na ni afadhali kulisikia hilo sasa kuliko siku ya lori. Mazulia madogo madogo yaacheni kabisa, hayo ndiyo yanayonasa vidole vya miguu.

Sasa mkataba, na hapa nakuomba usome polepole. Makazi ya kujitegemea maana yake ni hayohayo: mnajitegemea. Ada huweza kubeba milo, usafi, fundi wa kurekebisha bomba na ile kamba ambayo mtu huivuta kuita msaada akipata dharura. Uuguzi haumo. Kuna mahali penye jengo la uangalizi hukohuko, na kuna mahali ambapo mtu akishindwa kujivalisha huombwa atafute kwingine. Ulizeni ni nani anayeamua kwamba mkazi hawezi tena kukaa peke yake: daktari wake, familia, au uongozi. Ulizeni ada imepanda kiasi gani miaka iliyopita, na waoneshe kwa maandishi. Kama kuna kiingilio, ni sehemu gani hurudishwa, na hurudishwa lini, maana pengine husubiri hadi fleti ipate mtu mwingine.

Na hili naliandika kwa sababu hakuna mwingine atakayekuandikia. Siku moja mmoja wenu atabaki peke yake. Mara nyingi kinachopungua kwenye ada ni ile nyongeza ya mtu wa pili tu. Bei ya fleti yenyewe haishuki. Chukueni karatasi, mpige hesabu ya ile ya vyumba viwili kwa pensheni yako peke yako, kisha kwa ya mzee peke yake. Nimejaribu kukisia kwa ulivyonieleza, na kwako haitoshi. Kuhama mara ya pili, ukiwa mjane, ukiwa na miaka mingine kumi kichwani, ni kazi ambayo sikutakii. Ile ya kona mmoja wenu anaweza kuibeba.

Kabla hamjatia saini rudini huko wakati wa chakula, bila kuongozwa na mtu. Kaeni meza moja na wakazi, waulizeni fundi akiitwa huja baada ya muda gani. Siku nyingine rudini jioni, msikilize kama kuta zinapitisha kelele. Na ulizeni kama mnaweza kulala siku mbili tatu kwa majaribio, sehemu nyingi huruhusu.

Ukipima mlango wa bafu la kona niandikie ulichopata, na upime uwazi wenyewe mlango ukiwa umefunguliwa, siyo fremu ya mlango. Na ile orodha ya vitu mnavyotaka kuhama navyo, nitumie kabla mzee hajaiongeza.

Wako wa siku zote