"Fundi, hii moduli ni orijino?" Jibu letu kwa wateja wa Malindi na Watamu

Tangu hoteli na maofisi ya huku kwetu yaanze kuvuta faiba, waya wa kioo unaopitisha mtandao kwa mwanga, kutoka mapokezi hadi majengo ya nyuma, hakuna swali tunaloulizwa sana dukani kuliko hilo. Mteja ameshika kitu kidogo cha chuma chenye urefu wa kidole, kiitwacho moduli ya SFP, kile kinachochomekwa kwenye swichi (kifaa kinachogawa mtandao) ili kugeuza umeme kuwa mwanga. Ameshaulizia bei ya chenye jina la kampuni ya swichi yake, na ni mara kadhaa ya bei ya chetu. Anaogopa kuuziwa feki. Ana haki ya kuogopa, na jibu la neno moja halimtoshi.

Kuna maneno mawili yanayochanganywa. Moduli feki ni ile iliyobandikwa jina la kampuni ambayo haikuitengeneza. Lebo yake ni uongo, na hiyo hatuiuzi kwa bei yoyote. Moduli mbadala haijifichi: lebo inasema imetoka kiwanda gani, nayo imetengenezwa kwa vipimo vilevile. Mwenye tuktuk anaelewa upesi. Breki za kiwanda kingine zilizokatwa kwa vipimo vya tuktuk yake ni spea halali, ila zikiwekwa ndani ya boksi la kampuni isiyozitengeneza, hapo ameibiwa.

Vipimo vya SFP si siri ya kampuni moja. Watengenezaji kadhaa walikubaliana juu ya umbo lake, pini zake na namna inavyozungumza na swichi, na maelezo ya makubaliano hayo yakatolewa mwaka 2001. Ndiyo maana tundu lake ni lilelile kwenye swichi za kampuni mbalimbali. Tena, kampuni nyingi zinazouza swichi huagiza moduli kwa viwanda vilivyobobea katika leza, kama vile Finisar, iliyonunuliwa na II-VI mwaka 2019 na ambayo leo iko chini ya jina la Coherent. Kwa hiyo unapolipia orijino, mara nyingi unalipia kifaa cha kiwanda kingine pamoja na majaribio na msaada wa kampuni ya swichi. Majaribio hayo yana thamani, sisi hatuyabezi. Ila si kila tundu katika hoteli ya vyumba 40 linayahitaji.

Basi kwa nini swichi nyingine huikataa moduli isiyo na kasoro yoyote? Ndani ya kila moduli mna kumbukumbu ndogo. Humo mna nafasi ya herufi 16 za jina la mtengenezaji, 16 za namba ya aina, 16 za namba ya kifaa chenyewe, na tarehe ya kutengenezwa, na aina ya mwanga unaotolewa. Ukichomeka tu, swichi husoma. Baadhi ya swichi zisipokuta zinachokitarajia hufunga tundu papo hapo, ingawa leza inawaka na mwanga unafika upande wa pili. Swichi nyingi za Cisco zina amri ya kulegeza sharti hilo, service unsupported-transceiver. MikroTik, ambazo zimeenea sana huku kwetu, hazina kufuli hilo. Kwa swichi zenye kufuli, sisi huandika kumbukumbu ya moduli ilingane na swichi ya mteja kabla haijatoka dukani. Lebo ya nje hatuigusi, inabaki na jina la kiwanda chake.

Hapo ndipo tulipowahi kukosea, na ni vizuri mlisikie kutoka kwetu. Msimu wa kaskazi, wageni wamejaa, meneja wa hoteli moja upande wa Casuarina alitupigia simu saa mbili usiku. Fundi wao alikuwa amebadilisha moduli kwa ile tuliyowauzia mchana, na vyumba vyote vya nyuma vikabaki bila mtandao. "Bwana, mmenipa feki," alisema, na kwa usiku ule hatukuwa na la kumjibu. Tulipofika tukakuta moduli ni nzima. Tuliiandikia swichi ya aina nyingine, kwa sababu tulichukua jina la swichi kwa mdomo kwenye simu na hatukuomba picha. Tuliiandika upya palepale, taa ya kijani ikawaka. Tangu siku hiyo hatuuzi moduli kabla ya kuona picha ya lebo ya swichi, hata kama mteja ni rafiki wa miaka mingi na ana haraka.

Lakini tukitazama kazi zote tulizoitiwa, jina la moduli si chanzo kikuu cha matatizo. Chanzo ni uchafu. Sehemu ya faiba inayobeba mwanga kwenye faiba ya njia moja, ile ya waya wa manjano, ina upana wa mikroni 9 hivi, kwa hiyo unywele wa binadamu ni mnene mara nyingi kuliko njia hiyo. Wakati wa kusi, upepo unapotoka baharini na kuacha chumvi hata kwenye vioo vya madirisha, chembe moja ikitua kwenye ncha ya faiba inatosha kuziba mwanga. Waya ukichomolewa na kuachwa ukining'inia bila kifuniko kwa nusu saa, umeshaharibu kazi.

Ofisi moja ilikuwa imenunua moduli mbili za orijino, kwa pesa nyingi, ili kumaliza tatizo la mtandao unaokatika na kurudi. Halikuisha. Moduli zao zilikuwa za 10G LR, yaani za kasi ya gigabiti 10 na za masafa marefu, aina inayotuma mwanga kati ya dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) -8.2 na 0.5, na upande wa kupokea unahitaji angalau -14.4. Tuliposoma namba kwenye swichi, upande mmoja ulikuwa unatuma -2.5 lakini mwingine ukipokea -15.8. Kila ikishuka 3, nusu ya mwanga imepotea. Na njia yenyewe ilikuwa ya mita 600 tu, wakati kilomita nzima ya faiba hiyo hupoteza karibu 0.4! Tulisafisha ncha nne kwa kalamu ya kusafishia faiba. Namba ikapanda hadi -4.1. Tukarudisha moduli zao za zamani, za mbadala, nazo zikafanya kazi vilevile.

Tafadhali msisafishe ncha hizo kwa kanga wala shati, na msipulize kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu. Wala msichungulie ndani ya faiba kuona kama mwanga upo. Mwanga huo hauonekani kwa macho, lakini unaweza kuyadhuru.

Namba hizo nilizozitaja zinasomeka kwenye moduli yoyote yenye uwezo wa kujipima, orijino au mbadala: joto lake, volti, mkondo wa leza, mwanga unaotoka na mwanga unaoingia. Tunaziandika siku ya kufunga na kumwachia mteja karatasi. Mtandao ukisumbua mwaka ujao, atalinganisha mwenyewe kabla ya kutoa hata shilingi.

Joto nalo ni letu sisi wa mwambao. Moduli ya kawaida imetengenezwa kustahimili nyuzi 0 hadi 70, na hizo ni za mwili wa moduli wenyewe, si za hewa ya chumbani. Kabati lililofungwa chini ya mabati, bila feni, mchana wa Februari, hukikaribia kikomo hicho upesi. Mahali kama hapo tunashauri moduli iliyotengenezwa kwa mazingira ya viwandani, inayostahimili hadi 85, au kabati lihamishwe. Moduli za waya wa shaba za 10G hupata moto kuliko za mwanga, kwa hiyo tusizibananishe katika matundu yaliyopakana.

Moduli za waya mmoja wa faiba huuzwa kwa jozi zisizofanana. Kwa mfano, ya 1G upande mmoja hutuma mwanga wa nanomita 1310 na kupokea wa 1550, na ya upande wa pili ni kinyume chake. Ukinunua mbili zinazofanana hazitaonana kamwe. Na ya kilomita 40 msiifunge kwenye njia fupi bila kipunguza mwanga, kwa sababu mwanga ukizidi unaweza kuua kipokezi.

Kuna mahali tunamwambia mteja anunue orijino. Kama mkataba wake wa matengenezo na kampuni ya swichi unadai moduli zao, aufuate. Kama ni njia moja tu inayobeba biashara yote na hakuna ya akiba, gharama ile ni halali. Na hata anayetumia mbadala kila mahali, tunamshauri aweke jozi moja ya orijino kwenye droo. Akipiga simu ya msaada, huenda kitu cha kwanza kuambiwa kikawa "toa hiyo ya kiwanda kingine, kisha tujaribu". Kwa kawaida kampuni haifuti dhamana ya swichi kwa sababu tu umechomeka moduli mbadala, lakini inaweza kukataa kushughulikia hitilafu iliyoletwa na moduli hiyo. Someni karatasi zenu za dhamana, au zileteni tuzisome pamoja.

Na kabla ya kuweka toleo jipya la programu kwenye swichi, lijaribuni kwanza kwenye swichi moja. Imewahi kutokea toleo jipya likakataa moduli ambazo la zamani lilizikubali. Wenye hoteli, jambo hilo lifanyeni kabla ya Desemba.

Ukitaka tukuandalie moduli, tutumie picha ya lebo ya swichi za pande zote mbili, umbali kwa mita, rangi ya waya wa faiba, na kama nyaya ni mbili au mmoja. Tutaandika kumbukumbu, tutazijaribu kwenye swichi ya hapa dukani kwa siku nzima zikipitisha data, kisha tutazileta zikiwa na vifuniko vyake. Vifuniko hivyo msivitupe.