Aproni isikaribie mbabula

Lubumbashi, 14 Desemba

Ndugu yangu,

Jambo sana. Mama wa nyumbani na watoto ni wazima? Huku sote wazima, ila mvua hailali. Barua yako imefika jana jioni, na neno moja ndani yake limenifanya nichukue kalamu upesi: unasema aproni yako ya kikao chetu cha Freemason ililowa, umeitandika kando ya mbabula, lile jiko la makaa, ikauke. Kama bado iko pale, acha kusoma, nenda uitoe kwanza.

Umeitoa? Haya.

Ile uliyoachiwa na mzee wa Katuba ni ngozi ya mwana-kondoo ya zamani, iliyolainishwa kwa shabu, chumvi, unga na kiini cha yai. Ngozi ya namna hiyo ni nyeupe mpaka ndani, na hapo ndipo uzuri wake ulipo na udhaifu wake pia. Shabu haishikani sawasawa na nyuzi za ngozi. Maji yakipita, yanaondoka nayo, na ngozi inakauka ngumu kama pembe. Moto unazidisha ubaya, kwa kuwa ngozi iliyolowa hujikunja kwa joto dogo kuliko iliyo kavu. Hizo kona unazosema zimeinuka, ni moto uliozivuta. Aproni mpya nyingi ngozi yake imetengenezwa kwa dawa ya kromu, nazo huvumilia maji. Kama unataka kuhakikisha, tazama ukingo uliokatwa: ukiona kijivu chenye ubuluu ndani, mara nyingi ni kromu, nawe pumua. Ukiona weupe mtupu, fuata haya ninayokuandikia.

Tafuta taulo mbili nyeupe za pamba. Ya kwanza itandaze mezani, laza aproni juu yake, ya pili ifunike, kisha bonyeza kwa kiganja. Usisugue, kusugua kunainua manyoya ya ngozi. Utepe wa buluu uutenge na ngozi kwa karatasi nyeupe isiyo na maandishi, maana rangi yake inatoka ikilowa, na buluu ikishaingia kwenye ngozi nyeupe haitoki tena. Gazeti usilitumie kabisa, wino wake utahamia. Badilisha taulo kila zinapolowa. Iache imelala hivyo chumbani, kivulini, dirisha wazi, siku moja au mbili. Kazi kubwa inakuja ikiwa karibu kukauka, pale unapoishika na bado ina ubaridi kidogo mkononi: ivute taratibu kwa vidole, urefu, upana, kisha kona kwa kona, dakika chache, uiache, urudie baada ya saa moja. Mafundi wa ngozi hulainisha hivyohivyo, kwa kuzitenganisha nyuzi kabla hazijagandana. Ikishakauka kabisa umechelewa. Pasi usiiguse, hata ile ya umeme ukiipunguza joto. Mikunjo itanyooka chini ya vitabu vizito, katikati ya karatasi nyeupe.

Na mafuta ya mawese, nakuomba sana, hapana. Najua Baba Mapacha atakushauri. Yatailainisha leo, na kesho itakuwa ya njano.

Shida yetu inatokana na kalenda. Watakatifu Yohane wote wawili tunawasherehekea kwa tarehe zilezile za Ulaya. Yule wa 24 Juni anatukuta kiangazi, viatu vinapata vumbi tu. Huyu wa 27 Desemba anaangukia katikati ya mvua, na kikao ni cha sherehe: kostimu nyeusi, glavu nyeupe, kordoni, ule utepe mpana wa kifuani, hakuna ruhusa ya kupunguza. Kwa hiyo panga safari kwa kufuata saa za mvua. Hapa mara nyingi mawingu yanajikusanya baada ya saa sita mchana na kumwagika alasiri. Kutoka kwako Likasi ni kilomita kama 120, basi toka asubuhi mapema uwe umeshaingia mjini kabla ya mchana. Kostimu usiivae njiani. Valizi, sanduku lako la nguo, isipande juu ya basi hata wakikuonyesha turubai, turubai lina matundu. Aproni iwe mapajani mwako.

Namna ya kuibeba: vipande viwili vya kartoni safi, vikubwa kuliko aproni kwa vidole viwili kila upande, aproni katikati bila kukunjwa, kisha ndani ya sashe nzito ya plastiki, mdomo wa sashe uelekee chini, halafu ndani ya maleti, ule mkoba wa mkononi. Zile maleti za ngozi ya bandia huingiza maji kwenye zipu na bawaba, hazitoshi peke yake. Ila ukifika, itoe kwenye sashe mara moja. Ikikaa humo katika unyevu huu, ukungu unaanza na madoa meusi madogo ambayo hayaondoki. Vile vifuko vya chembe nyeupe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, weka viwili au vitatu ndani ya maleti.

Glavu chukua jozi mbili, ya pili ikae kwenye sashe ndogo mfuko wa ndani wa koti. Zikipata tope letu jekundu usikimbilie javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo. Wekundu huo ni kutu ya chuma iliyomo udongoni, na javeli inaukaza. Acha tope likauke, lipige brashi, kisha paka maji ya ndimu na chumvi, anika juani nusu saa, suuza. Hiyo ni kwa pamba tu, ngozi usiipake ndimu.

Viatu vya kikao vije ndani ya mfuko, pamoja na soksi nyeusi za pili. Njoo na mabuti ya mpira, ubadilishe kwenye baraza. Usiku wa kuamkia paka siraje ya nta, ile rangi ya viatu, mara mbili, nyembamba nyembamba, na uiingize vizuri kwenye mshono wa soli, maana maji hupenya hapo. Suruali ikunje hadi chini ya goti, uishike kwa vibano vya nguo. Na kabla ya kuingia hekaluni futa soli: vile vigae vyeusi na vyeupe, soli ya ngozi ikiwa na maji, vinateleza vibaya, na wewe safari hii unatembea katika msafara na upanga mkononi. Mwamvuli ufunge uzi wa rangi kwenye mpini. Yote ni myeusi, yote inafanana, na kila mwaka mtu anarudi nyumbani na wa mwenzake.

Jambo la mwisho kuhusu hekalu: lile bati mvua ikilipiga, mwisho wa chumba hausikii kitu. Wewe ndiye msemaji. Nimemwomba Mheshimiwa, mkuu wa kikao, asubiri mvua ipungue kabla ya kukupa neno, amekubali. Hata hivyo hotuba iandike kwa penseli, maana wino wa baadhi ya kalamu unayeyuka karatasi ikilowa.

Narudi kwenye aproni, maana ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ikigoma kulainika, usiilazimishe, itapasuka kwenye mstari wa mkunjo. Iache bapa, uje nayo hivyohivyo, na mtunza vyombo atakuazima nyingine kwa siku hiyo. Ile ya mzee tutaitafutia fundi.

Sasa nijibu upesi, hata kwa simu: ukingo una rangi gani ndani? Ilikaa kando ya moto kwa muda gani? Utepe umeanza kutoa rangi? Kiuno chako bado ni kilekile, au nimwambie mtunza vyombo atafute yenye mkanda mrefu? Unakuja na mama, au peke yako? Na yule mdogo wetu wa Kambove, amepata viatu vyeusi au nimtafutie huku, anavaa namba ngapi?

Ndugu yako wa Kampemba