Kuhusu Dogo, na kimya changu

Tukuyu, Jumapili jioni, mvua inanyesha

Mama Tumaini, mwenzangu,

Kamwene. Hapo Kihehe changu chote kimeisha, usinicheke. Huku ni wazima. Mvua haijui likizo, nguo za watoto zimeanikwa juu ya jiko la mkaa tangu juzi na bado zinatoa maji. Baba Upendo anakusalimu. Yule wetu wa bweni la chini amejifungua mapacha, nadhani umeshasikia.

Najua umepiga mara nne. Simu yangu si mbovu. Nilikuwa naiangalia inalia, jina lako limejaa kwenye kioo, naigeuza kifudifudi juu ya meza mpaka inanyamaza. Miezi mitatu. Ukitaka kunisema nisemee hapo, nina haki yangu ya kusemwa.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungeniuliza swali moja nami ningebabaika, na meseji ndefu hivi ungeisomea darasani watoto wakikusubiri. Konda wa basi la asubuhi ananifahamu. Atakushushia hii pale stendi ya Mafinga pamoja na boksi la maparachichi. Ya juu usiyale leo, yaache siku tatu. Yamekataliwa kwa udogo tu, hayana ubovu.

Ni kuhusu Dogo, mdogo wako, na ile kazi aliyoikosa hapa kwetu kwenye kufungasha maparachichi. Waliokwambia kwamba mabosi walikuwa na mtu wao wamekudanganya. Hakukuwa na mtu wao. Tulikaa watatu mezani kumsaili, na karatasi iliyomshusha ni yangu.

Haya, nimesema. Sasa nipe nafasi nieleze, maana nimelieleza jambo hili kichwani mara nyingi nikiosha vyombo na kila mara linatoka tofauti.

Unajua usaili wetu wa zamani ulivyokuwa. Maongezi tu. Unatoka wapi, unasali wapi, Simba au Yanga, fulani wa Kiwira ni nani kwako. Mtu akitoka nje tunatazamana, meneja anasema "huyu mtu mzuri", tumemaliza. Ndivyo tulivyompata yule mzee wa stoo, yule aliyesali sala ndefu siku ya ubatizo wa Upendo mpaka wali ukapoa. Hesabu zake za kreti hazijalingana mpaka leo, na yeye mwenyewe alishaondoka.

Basi mwaka jana nikaanza yale masomo yangu ya Jumamosi kule Mbeya, saikolojia ya kazi. (Ulinicheka, ukasema sasa utaanza kututibu wendawazimu.) Katika mihadhara ya mwanzo mwanzo tukafundishwa habari za Thorndike, Mmarekani. Mwaka 1920 alichambua alama ambazo maofisa wa jeshi walikuwa wakiwapa watu waliokuwa chini yao: umbo, akili, uongozi, tabia. Vitu tofauti kabisa, lakini alama zilishikana mikono kupita kiasi. Aliyesifiwa umbo alisifiwa na akili, akasifiwa na uongozi, kana kwamba afisa alimtazama mtu mara moja kisha akawa ananakili. Jina walilolipa kosa hilo linatokana na lile duara la mwanga linalochorwa kichwani mwa watakatifu. Nilicheka peke yangu pale darasani. Nilikuwa namwona mzee wa stoo amefumba macho, sala haiishi, mwanga unawaka kisogoni.

Nikarudi kazini na moto. Nikamwambia meneja tuwaulize wote maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, kila mmoja wetu aandike alama zake kabla ya kufungua mdomo. Na tuwape kazi yenyewe waifanye tuione. Alikunja uso. Nikamhadithia Münsterberg, yule Mjerumani aliyekwenda kufundisha Harvard, alivyotaka kujua nani anafaa kuendesha tramu bila kugonga watu. Hakuwauliza madereva wanasali wapi. Aliwatengenezea kadi zinazopita kwenye kidirisha, namba zikisimama badala ya watembea kwa miguu, farasi na magari, nao wataje palipo na hatari. Aliandika hayo mwaka 1913, nikamwambia meneja, na sisi bado tunauliza Simba au Yanga. Akakubali. Nadhani alikubali ili ninyamaze.

Mkuki kwa nguruwe, mwenzangu. Wa kwanza kuchomwa nao akawa Dogo.

Sikujua ataomba. Nililiona jina kwenye orodha asubuhi ile ile. Nikamwambia meneja huyu namfahamu, ni kama mdogo wangu, mama yake ndiye aliyenifunika blanketi lake mwaka ule tulipofunga shule nikakosa nauli ya kurudi kwetu. Akanijibu huku nani hamfahamu nani, kaa. Nikakaa. Pengine nilipaswa kutoka. Mpaka sasa sijui kama nilikaa kwa ajili ya kazi au kwa ajili ya kumwona.

Akaingia. Shati limenyooshwa hadi mikunjo inakata. Akasema "Ugonile" kwa lafudhi yenu ile ya Iringa, meza nzima ikacheka, meneja akavuta kiti karibu. Na ule mwendo wa kutupa bega moja, Mama Tumaini! Nilimwona marehemu baba yenu anaingia mlangoni. Nikatazama karatasi yangu, nimeshamwandikia nne kati ya tano kwenye swali ambalo hajamaliza hata kulijibu. Nikafuta. Wino ulipaka karatasi, doa lipo mpaka leo kwenye faili.

Kazi tuliyowapa ilikuwa hii. Maparachichi mezani, mizani, maboksi manne, fomu. Saizi 16 maana yake ni matunda 16 katika boksi la kilo 4, kwa hiyo kila tunda linacheza kwenye gramu 250 hivi. Unachagua, unatenga yaliyong'oka kikonyo kwa sababu pale ndipo uozo unapoingilia, unapanga, unapima, unaandika. Dogo ana mkono, usiniulize. Boksi la kwanza alilijaza nikawa bado natafuta kalamu. Akaniambia, "Dada, mkono wangu haukosei," na kweli boksi hilo na la pili yalikuwa sawa. La tatu na la nne hakuyapima. Akaandika 4.0, 4.0, 4.0, 4.0. Tulipoyaweka sisi kwenye mizani, la nne lilikuwa limezidi, na chini yake kulikuwa na matunda mawili hayana vikonyo.

Kuzidi uzito ni kitu kidogo. Kilichonikaa rohoni ni ile namba aliyoiandika bila kuipima. Mzee wa stoo alianza hivyo hivyo.

Hapo ningeweza kuishia nikalala usingizi. Lakini kulikuwa na swali la mwisho, na swali hilo nililitunga mimi kutokana na mambo yetu ya ndani. Unamkumbuka Mama Nai, yule mwenye mikono kama cherehani? Tulipoanzisha zawadi ya mfungashaji bora akaichukua wiki mbili mfululizo, halafu ghafla kasi ikaanguka. Mimi nikadhani amechoka, meneja akadhani amelewa sifa. Kumbe wenzake waliacha kula naye. Anafungua ndizi zake, benchi linahama.

Tulisoma kitu cha namna hiyo hiyo, cha kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago. Kati ya 1931 na 1932 watafiti waliwatazama wanaume 14 wakiunga nyaya za mitambo ya simu. Malipo yalitegemea kazi ya kundi zima, ungetegemea kila mtu akimbie. Wapi! Walikuwa na kiwango chao wenyewe kichwani, na anayekizidi anapigwa ngumi ya begani mpaka atulie. Walihofia kwamba wakionekana wanaweza zaidi, kazi itaongezwa na malipo yatashushwa. Huku kwetu hakuna ngumi. Huku unaachwa ule peke yako.

Basi tukawauliza wote: mfanyakazi wako hodari amepunguza kasi baada ya kupewa zawadi, utafanyaje? Mmoja akasema onyo la maandishi. Mwingine akasema nitaongeza zawadi. Mwingine akasema nitamwombea, na huyo nilimpa alama moja ya huruma. Dogo akakaa kimya kidogo, akasema: "Zawadi nisingempa mbele za watu. Na yeye nisingemwuliza kitu. Ningewauliza wale wengine wanaogopa nini." Nikampa tano. Wenzangu nao tano tano. Hakuna mwingine aliyepata tano siku ile kwenye swali lolote.

Sasa sikiliza kinachoninyima usingizi. Kabla ya usaili tulikubaliana nusu ya alama ziende kwenye mizani na fomu, robo kwa swali hilo, robo kwa mengine. Tungegeuza ile nusu na ile robo, leo Dogo angekuwa anaamka saa kumi na moja kuja kazini kwetu. Nani alipendekeza nusu na robo? Mimi. Kwa nini nusu? Kwa sababu ya mzee wa stoo, nadhani. Nilikuwa namsaili yeye.

Na huku nimesoma, siwezi kujifanya sijasoma. Mwaka 2022 Sackett na wenzake walipiga upya hesabu za tafiti nyingi za namna ya kuchagua watu. Usaili wa maswali yaliyopangwa ndio uliotoka wa kwanza, juu ya vipimo vingine vyote. Wa kwanza, lakini kwa 0.42, pale ambapo 1 ni kujua bila kukosea hata kidogo. Hiyo ndiyo bora tuliyo nayo. Kuna watu wazuri wanapita katikati ya vidole kila siku na kipimo kikiwa sahihi. Kwa hiyo ukiniuliza kama nilifuata haki, nitakwambia ndiyo, na nikirudishwa mezani kesho nitaandika alama zile zile kwa boksi la nne. Ukiniuliza kama Dogo hafai kazi ile... hapo ndipo simu ilikuwa inalia naigeuza.

Wewe utasema ningekwambia tu. Ndiyo. Na hapa ndipo ninapoona aibu hasa, kuliko kwenye alama. Kuna somo zima tulifanya kwamba mtu anaweza kuyapokea matokeo mabaya ikiwa ameelezwa njia iliyotumika na amesikilizwa. Lilikuja kwenye mtihani, nikajaza kurasa tatu, nikafaulu vizuri sana. Kisha nikarudi Tukuyu, tukamwambia Dogo "tutakupigia". Hatukupiga. Nilimwona getini akimwuliza mlinzi kama kuna majibu yamebandikwa, nikapita mlango wa nyuma. Mimi! Wa kurasa tatu!

Nataka kumweleza mwenyewe. Boksi la nne, fomu, lile jibu lake la Mama Nai, vyote. Nimemwomba meneja ruhusa nimwonyeshe karatasi yake ya alama, amekubali mradi ya wengine nisiiguse. Ila siwezi kumpigia kwanza kabla yako. Naomba umtayarishe. Usimwambie kuna kazi, kwa sababu hakuna, aliyepata anafanya vizuri na namba zake anazipima. Msimu ukikolea huwa tunachukua watu wa mezani wa muda, hiyo atakuja kupanga foleni na wenzake kama kawaida, na safari hii nitatoka chumbani, akae mwingine.

Ule mfumo wenu walimu wa kupimana kazi kwa kompyuta unaendeleaje? Bado mnajaza usiku wa manane mtandao ukiamka? Nilitaka kukuandikia kuhusu huo pia lakini taa inafifia na Upendo ananivuta kanga.

Niambie tu. Dogo yuko wapi sasa, ni kweli amekwenda kwenye mbao na wale vijana wa Sao Hill? Ananitaja? Ananitajaje? Mama anajua nilikuwa mezani siku ile, au bado anadhani ni mabosi? Kama hajui, nimwambie mimi au wewe? Wewe mwenyewe ulipokuwa unapiga zile mara nne, ulikuwa unataka kuuliza au ulikuwa umeshajua? Na Pasaka bado nakaribishwa?

Blanketi lile bado lipo?

Ni mimi,
Mama Upendo

Konda nimeshamlipa. Akikudai usimpe hata senti.